Ndoo Yenye Picha ya Moyo

Ukitaka kufika nyumbani kwa Philémon, pale Muhumba, ni lazima upande. Unaiacha barabara ya magari chini, unashika njia ya mawe inayopita kati ya kuta na nyua za watu, unapanda mpaka juu kabisa, mahali ambapo ziwa linaonekana hadi upande wa Rwanda. Bukavu ni mji wa vilima, na watu wake hawahesabu kupanda kuwa ni kazi. Mtoto hupanda na dumu la maji kichwani huku anaimba.

Philémon alikuwa fundi wa karo, vile vigae vya sakafuni na ukutani. Nyumba nyingi nzuri za mtaa ule, bafu zake zilipita mikononi mwake. Hakuwa mtu wa maneno. Angeweza kufanya kazi kutwa nzima akasema neno moja tu, nalo lilikuwa "leta simenti."

Mkewe Eulalie alikuwa mpishi wa nyumbani tu, lakini mpishi kwelikweli. Kila asubuhi alikaanga mandazi, akayafunga kwenye kitambaa, akayaweka ndani ya mfuko wa kazi wa mumewe, juu ya mwiko na pima maji. Jioni alipika bugali na sombe ya majani ya muhogo, au maharagwe, au sambaza, zile dagaa za ziwani, zilizokaangwa mpaka zikakauka zikawa zinalia mdomoni. Na katika kila chungu kilichotoka jikoni kwake, Eulalie alikuwa ametia kijiko kikubwa cha mafuta kutoka katika ndoo nyeupe.

Ndoo hiyo ilikaa juu ya kabati, mahali pa heshima. Ndani yake mlikuwa na mafuta meupe, yaliyoganda, laini, yasiyo na harufu. Ubavuni kulikuwa na picha ya moyo mwekundu, na chini ya moyo maneno ya Kifaransa: sans cholestérol. Eulalie alikuwa amesoma sekondari miaka michache na maana yake aliijua vizuri. Mafuta haya hayana kolesteroli.

Alikuwa na sababu ya kuyapenda maneno hayo. Kaka yake Lucien, aliyekuwa akiuza mbao kule Kavumu, alianguka siku moja akiwa anaongea na mteja. Upande mmoja wa mwili ulikufa, na baada ya wiki chache mwili wa Lucien ukafa wote. Kwenye matanga watu walisema mengi, kama kawaida ya matanga. Mmoja alisema ni kolesteroli. Mwingine alisema kolesteroli inatoka kwa mafuta mekundu ya mawese. Eulalie alirudi Bukavu, akamwaga mawese yote yaliyokuwa nyumbani, akaapa kwamba ugonjwa uliomchukua kaka yake hautapita katika mlango wake. Ndipo alipoiona dukani ile ndoo yenye moyo.

Ndoo ilimletea na faida nyingine ambayo hakuitarajia. Ilimpatanisha na mama mkwe.

Mama mzazi wa Philémon, Apolline, aliishi Nyantende, na alikuwa na namna yake ya kuipima nyumba. Akikaribishwa chakula, hakula mara moja. Alisali, tena alisali taratibu, huku baridi ya Bukavu ikifanya kazi yake juu ya sahani. Alipofumbua macho alipitisha kidole kwenye ukingo wa sahani. Kama mafuta yalikuwa yameganda, alijua amepokewa vizuri. Kama kidole kilirudi kikavu, alijua yuko kwa watu wabahili, na Nyantende nzima ingepata habari. Kwa miaka mingi kidole cha Apolline kilikuwa kikirudi na kasoro. Lakini tangu ile ndoo iingie, ukingo wa sahani uliganda mweupe kama mshumaa, na mama mkwe akaanza kumsifu Eulalie kanisani.

Basi nyumba ilikuwa na amani. Na juu ya amani hiyo ikaongezeka jambo zuri zaidi: Philémon alianza kuwa mtu wa watu.

Lilikuwa jambo la kushangaza. Yule bwana wa "leta simenti" sasa, kila jioni akipanda kutoka kazini, alisimama kwenye ua wa jirani yao Bintu akamsalimu. Aliuliza habari za watoto. Aliuliza habari za migomba. Akiachana na Bintu, alipanda kidogo, akasimama tena kwenye ukuta wa mwalimu wa dini, akauliza habari za kwaya. Akipanda tena kidogo, alisimama kumsalimu mzee ambaye hata hasikii vizuri. Jumapili baada ya misa wanawake walimwambia Eulalie kwamba mumewe ana heshima siku hizi. Eulalie aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini moyoni alikuwa anacheza ngoma.

Aliona kitu kimoja tu kilichomsumbua. Philémon alichoka upesi, na jioni alikaa kimya kwenye kiti hata viatu hajavua. Eulalie akaamua kwamba kazi inammaliza nguvu, kwa hiyo anahitaji kulishwa. Akaongeza mandazi. Akapaka mafuta meupe kwenye mkate wake wa asubuhi, unene wa kidole. Kijiko cha kwenye chungu kikawa vijiko viwili.

Siku moja Bintu alimwita kwenye ua. Bintu alikuwa mjane mwenye macho makali, mtu asiyependa kuingilia mambo ya watu, ila aliyajua yote.

"Mama Ornella," alisema, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa, "nitakuuliza kitu, usikasirike. Bwana yako iko muzima?"

"Iko muzima. Juu ya nini unauliza?"

"Juu jana aliniuliza habari ya mbuzi yangu. Ile mbuzi niliuzisha tangu Pasaka, na yeye mwenyewe njo alinisaidia kuishusha ku barabara. Nikamujibu, hakusikia. Alikuwa anakamata huu muti, jasho inatoka, na mvua njo ilikuwa inaisha, kuko baridi."

Eulalie aliagana naye, akapanda kwake. Jioni ile alishuka, akaketi ndani ya ua wa Bintu, nyuma ya majani, akangoja.

Alimwona mumewe anakuja. Alimwona anasimama kabla hajafika uani, wala hakuna mtu wa kumsalimu hapo. Philémon aliweka kiganja katikati ya kifua, akageuka kutazama ziwa kama mgeni aliyekuja kutalii. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akajikokota hadi kwenye ule mti, akaushika, akasema kwa sauti ya mtu asiye na ugonjwa: "Yambo, mama Bintu. Watoto wote wazima?"

Eulalie alielewa yote kwa mara moja. Zile salamu zote alizosifiwa hazikuwa salamu. Mumewe alikuwa anatafuta mahali pa kupumzikia.

Nyumbani Philémon alijaribu kusema ni uchovu, na kwamba karo za siku hizi ni nzito. Mkewe hakumwachia. Mwishowe alisema. Akipanda, kitu kinamkaba kifuani, kinapanda hadi kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto. Akisimama, kinaachia. Kilianza kabla ya msimu wa mvua. Alikuwa amekificha kwa sababu aliona aibu.

"Nitasema nini?" aliuliza. "Mwanaume anashindwa kupanda kwake?"

Eulalie alilia usiku ule, na katika kulia aliona uso wa Lucien. Kulipokucha alimshika mumewe mkono kama mtoto wa shule, wakaenda kituo cha afya.

Muuguzi wa pale aliitwa Ariane. Watu walimwita dokta, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Alimsikiliza Philémon, akampima tension, yaani shinikizo la damu, akaikuta iko juu, na hapo hapo akaandika waende hospitali. Philémon aliomba kwanza amalize bafu moja aliloanza, limebaki kidogo tu. Ariane alimwambia kwamba kifua kinachokaba mtu anapopanda ni moyo unaoomba damu na haupati, na moyo hauna subira ya kungoja bafu. Akaongeza kwamba kama siku moja kitamkaba na kisiachie hata akiwa amekaa, asingoje hata kubadilisha shati. Aende hospitali saa ile ile.

Hospitalini daktari alimpima moyo kwa mashine, akawaeleza kwamba mishipa inayoulisha moyo wenyewe imekuwa myembamba kwa ndani. Haijaziba. Wamewahi. Alimpa dawa za kumeza kila siku, akamwambia apunguze chumvi, akamkataza kubeba maboksi ya karo kwa muda.

Siku chache baadaye Ariane akapanda mwenyewe kuja kuwatembelea. Aliziangalia dawa, akafurahi kuona zinamezwa. Kisha akaomba kuona jiko.

Eulalie alimpeleka bila wasiwasi wowote. Kama kulikuwa na jiko safi Muhumba, lilikuwa lake. Akaishusha ndoo kutoka juu ya kabati, akaigeuza ili picha ya moyo ionekane.

"Kwangu cholestérol haiingiaka," alisema. "Tangu kaka yangu afariki, hapa ni hii tu."

Ariane aliisoma mbele, akaitikia kwa kichwa. Halafu akaigeuza nyuma, akapangusa masizi kwa kidole, akamwomba Eulalie asome yale maandishi madogo. Eulalie aliinama, akasoma polepole: huile végétale partiellement hydrogénée. Alijua huile végétale ni mafuta ya mimea. Yale mengine hakuyajua.

Wakaketi watatu kwenye benchi la jikoni, na Ariane akaeleza. Mafuta mengi ya mimea, kama ya soya au alizeti, kwa asili ni ya majimaji. Viwanda vingine huyapitishia gesi inayoitwa hidrojeni ili yagande na yakae muda mrefu bila kuharibika. Yakigandishwa nusunusu namna hiyo, nayo ndiyo maana ya yale maneno ya nyuma ya ndoo, ndani yake huzaliwa mafuta ya aina nyingine ambayo wataalamu huyaita mafuta ya trans. Mwili hauyahitaji hata kidogo. Hayana faida yoyote kwake, yana hasara tu.

"Lakini waliandika hakuna cholestérol," Eulalie alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

"Hawakudanganya, mama. Cholestérol iko mu nyama, mu mayai, mu maziwa. Mumea haina. Lakini haya mafuta yakiingia mu mwili, inafanya ile cholestérol mubaya iongezeke mu damu, na ile muzuri ipunguke. Walikuonyesha upande moja ya ndoo."

Philémon aliuliza swali la fundi. Alitaka kujua ndani ya mshipa wa damu kuko namna gani.

Ariane alimtazama mikono, iliyojaa makovu ya simenti, akatabasamu. Alimwambia kwamba yeye ataelewa kuliko wote. Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana zinazoitwa seli, ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Ndani ya kila mshipa wa damu kuna safu ya seli zilizopangwa moja kando ya nyingine, safu moja tu, kama karo zinavyopangwa ukutani mwa bafu. Damu inapita juu yake, inateleza bila kushika mahali.

Lakini hizi ni karo zenye uhai, na zina kazi. Mtu akipanda mlima, moyo unataka damu zaidi. Seli hizo zinasikia damu inavyokimbia, nazo zinatoa kitu kidogo kinachouambia mshipa ulegee na upanuke. Mshipa unapanuka, damu inapita, mtu anapanda huku anaimba. Tena seli hizo hizo ndizo zinazozuia damu isigande ovyo ndani ya mshipa.

"Sasa ukikula mafuta ya trans kila siku," Ariane aliendelea, "inaingia mpaka mu ngozi ya zile seli. Zinakasirika, zinakuwa kama ziko na kidonda. Kuambia mushipa 'panuka', zinaambia kidogo kidogo tu. Na kati ya moja na ingine kunaanza kuachana. Ile cholestérol mubaya inapita mu ule mwanya, inaenda kukaa chini yake. Mwili unatuma askari zake kuisafisha, nazo zinabaki mule mule. Kunavimba. Njia ya damu inakuwa kidogo."

Philémon alikuwa anatikisa kichwa polepole. Hilo alilijua. Alikuwa ameliona katika nyumba za watu.

"Maji ikiingia chini ya karo, hauione," alisema. "Juu kunangaa tu. Mwenye nyumba anakusifu. Siku moja anakanyaga, sakafu yote inaamuka."

"Njo vile," Ariane alisema. "Na pale penye kulivimba pakipasuka, damu inaganda hapo, inaziba. Ikiziba ku moyo, moyo unakufa. Ikiziba ku kichwa, upande moja wa mwili unakufa."

Eulalie alijifunika uso kwa kitenge. Aliona mandazi yote ya asubuhi, mkate wenye mafuta unene wa kidole, vijiko viwili badala ya kimoja. Alisema kwamba basi ni yeye aliyekuwa anamuua mume wake kwa mikono yake, huku anadhani anamlinda.

Ariane hakumwacha aendelee. Alimwambia kwamba tension nayo ilikuwa na sehemu yake, na chumvi ya sambaza, na miaka. Mafuta peke yake hayakuleta yote. Tena mwenye jiko ndiye mwenye dawa ambayo hospitali haina. Asilie sana, kazi ni nyingi.

"Karo ikiharibika mimi ninaitoa, ninatia ingine," Philémon alisema. "Hizi zangu, nani atatoa?"

"Mwili wako ni fundi kukushinda, papa. Zile seli zinajitengeneza, na zenye kufa zinazaliwa zingine. Lakini haitaweza kama kila asubuhi unazipiga nyundo. Acha kuzipiga, utaona. Dawa usiache, juu kile kilishajikusanya hakiishi chote. Lakini njia itafanya kazi muzuri kuliko sasa."

Alisema hayo kwa sauti ya mtu aliyewaona wengine wakipona, na wote wawili walimwamini.

Eulalie alikuwa na maswali, na aliyauliza yote. Aliuliza kama basi kila mafuta yanayoganda ni sumu, kwa sababu hata mawese huganda asubuhi za baridi. Ariane alisema hapana. Mawese huganda kwa asili yake, hayajageuzwa kiwandani namna ile. Si ya kumwaga, lakini pia si ya kuogea. Kijiko kwa chungu cha familia kinatosha. Mafuta ya majimaji ya alizeti, ya soya au ya karanga ni bora zaidi, nayo kwa kijiko, si kwa kumimina. Mafuta yaliyokaangiwa hadi yakawa meusi yasirudishwe chunguni. Na dukani, iwe ni siagi ya mkebe, biskuti au mafuta, ageuze nyuma atafute yale maneno, partiellement hydrogénée. Akiyaona, arudishe. Asipoona maandishi yoyote, amwulize muuzaji, na muuzaji akibabaika, apite.

Swali la mwisho alilifikiria tu, hakulisema. Angemwambia nini mama mkwe?

Ndoo ilikuwa bado imejaa nusu. Kuitupa iliuma, na kumpa mtu kungekuwa kumhamishia ugonjwa. Philémon ndiye aliyepata njia. Alianza kuyapaka yale mafuta kwenye miko na misumeno yake isishike kutu, na kweli haikushika. Eulalie aliangalia chuma kinavyong'aa, akasema hapo ndipo mahali pake.

Mwanzo wa jiko jipya haukuwa mzuri. Sombe ya kwanza ilikuwa chungu, na Philémon aliila kama anayemeza vidonge vyake. Sambaza za kwanza zilishikana na sufuria. Lakini Eulalie hakuwa mtu wa kushindwa na sufuria. Alisaga karanga zilizokaangwa, akazipika ndani ya sombe mpaka zikatoa mafuta yao wenyewe, akaongeza kitunguu na biringanya. Sambaza aliziosha, akazifunga katika majani ya mgomba pamoja na nyanya, ndimu na pilipili, akaziweka juu ya makaa. Siku alipozifungua, harufu ilishuka mpaka kwa Bintu, naye Bintu akakumbuka ghafla kwamba alikuwa na jambo la kuuliza.

Mandazi yalibaki ya siku za sikukuu, na yalikaangwa kwenye mafuta mapya ya alizeti. Kwenye mfuko wa kazi sasa vilikuja viazi vitamu vya kuchemsha na parachichi. Wiki ya kwanza mafundi wenzake walimcheka Philémon. Wiki iliyofuata walianza kumwomba parachichi.

Kisha Apolline akaja kutoka Nyantende. Hakuwa ameambiwa kitu. Philémon hakutaka kumtia mama yake hofu. Eulalie aliwasha makaa. Aliandaa bugali, sombe ya karanga, na sambaza za kwenye majani. Apolline aliketi, akafumba macho, akasali. Alisali kwa muda wake wa kawaida. Baridi ilikuwepo, kama kawaida.

Alipofumbua macho, alipitisha kidole kwenye ukingo wa sahani. Kidole kilirudi kikavu. Alikitazama. Akakipitisha tena upande wa pili.

"Mafuta iliisha mu Bukavu?" aliuliza, bila kumtazama mtu.

Eulalie alifungua mdomo, lakini Philémon alimtangulia. Aliweka mkono juu ya mkono wa mama yake, ule wenye kidole.

"Mama, nilikuwa nakufa pole pole, na tulikuwa tunasifu sahani."

Halafu yeye, mtu asiye na maneno, alimweleza yote. Alimweleza kifua kinavyokaba na jinsi alivyokuwa akisimama kwa watu akijifanya anasalimu. Alimweleza zile karo ndogo zilizo ndani ya mshipa, na kinachoingia chini yake. Hakumwacha Eulalie aseme hata neno, ili lawama isimwangukie.

Apolline alimtazama mwanawe usoni. Alikuwa amezika watoto wawili katika maisha yake, na hakuwa na nafasi ya kumzika wa tatu.

"Ni ile ilibeba kaka yako?" alimwuliza Eulalie.

"Inafanana nayo, mama."

Mama mkwe alipangusa kidole kwenye kitambaa, ingawa hakikuwa na kitu cha kupangusa. Akamega bugali, akachovya kwenye sombe, akatafuna. Akamega tena. Mwishowe alisukuma sahani mbele kidogo na kusema kwamba karanga hizi ni za mjini, hazina utamu. Yeye ana karanga kule Nyantende, ataleta. Eulalie aliingia jikoni haraka, akasimama peke yake nyuma ya mlango, akajipangusa macho. Alijua kwamba kwa mama huyu hakuna sifa inayozidi hiyo.

Miezi ikapita. Philémon alimeza dawa zake, alikwenda kupimwa kila alipoitwa, na daktari akamruhusu kurudi kwenye kazi nzito kidogo kidogo. Ndoo ilipoisha aliichukua, akawa anachanganyia simenti ya kujazia nafasi kati ya karo. Ule moyo mwekundu ubavuni ulifunikwa siku kwa siku, mpaka ukaonekana upande mmoja tu, kisha usionekane kabisa.

Jioni moja Bintu alipanda hadi kwa Eulalie, uso umekunjamana. Alikaribishwa kiti, akakaa kwenye ukingo wake tu.

"Mama Ornella, niambie bila kuficha. Nilimukosea nini bwana yako?"

"Kwani alikufanyia nini?"

"Alibadilika. Alikuwa mutu wa heshima, anasimama, anauliza watoto, anauliza migomba. Sasa iko na kiburi. Anapita tu. Mbele nijibu, alishafika ku kona."

Eulalie alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, akacheka mpaka machozi yakatoka, na Bintu akabaki anamtazama bila kujua kama na yeye acheke au aondoke. Eulalie alipopata pumzi alimshika mkono, akamwambia asiondoke, angoje kidogo, saa ya mumewe kurudi imefika.

Walisimama wote wawili mlangoni. Chini kabisa, kwenye mwanzo wa njia, walimwona Philémon anaiacha barabara. Alikuwa na mfuko wa kazi begani na ile ndoo mkononi. Alipita kwenye ua wa Bintu, akaona hakuna mtu, akapita. Walimsikia anamsalimu mwalimu wa dini kwa neno moja. Walimsikia anamwita yule mzee asiyesikia. Na miguu yake, juu ya yale mawe, haikusimama.